Chupa Iliyogeuka Asubuhi ya Sabato

Wanawake wa Rangwe wana namna ya kupima maji ambayo sijaiona kwingine, na nimepita kwingi. Mwanamke huchota maji ya kisima chake, huyamimina katika kichupa cha urefu wa kidole chenye kipande cha karatasi kilicholoweshwa dawa, hukifunga kwa kizibo, kisha hukisokota ndani ya leso na kuifunga kiunoni, juu ya ngozi. Hufagia nacho, hupika nacho, hulala nacho. Joto la mwili ndilo linalofanya kazi. Kama kinyesi kimeingia majini, kiwe cha mtu au cha ng'ombe, vijidudu vyake hukua na maji hugeuka meusi kama masizi ya sufuria. Kama hakikuingia, maji hubaki yalivyo. Kazi hiyo wao huiita kuatamia.

"Kuku anakaa siku ishirini na moja," Bathsheba Nyakerario aliniambia siku nilipomkuta mara ya kwanza. "Sisi ni siku mbili tu. Tumemshinda kuku."

Yeye ndiye aliyewafundisha. Ni mwanamke mfupi wa miaka sitini na tatu, Mkisii kutoka upande wa Nyamira, aliyefika Rangwe akiwa bibi arusi wa mfanyabiashara wa ndizi aitwaye Mokua. Mokua alikufa zamani, akamwachia kibanda sokoni na mtoto mmoja, Machuki, ambaye siku hizi anaishi Mombasa na hupiga simu Jumapili. Kwa hiyo Wajaluo wa mji humwita min Machuki, yaani mama yake Machuki. Wengine humwita mwalimu, ingawa hajawahi kuwa mwalimu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya wasichana. Aliosha mirija ya kioo, alipima asidi, alipanga vifaa mezani kabla ya wanafunzi kuingia, na wakiisha kutoka aliokota vipande. Walimu wa kemia walikuja na kuhama. Yeye alisikia masomo yale yale kutoka mlango wa stoo mpaka akayajua kama nyimbo za kanisani.

Alipostaafu akarudi kwenye kibanda cha ndizi. Mwaka huo huo kundi la vijana wa sayansi kutoka chuo fulani lilipiga hema sokoni kwa siku tatu. Walikuwa na hadubini, sumaku na puto, na watu walijaa kama wameletewa sarakasi. Siku ya nne vijana waliondoka, wakaacha hadubini moja yenye kioo kilichopasuka pembeni na sanduku la vichupa vya kupimia maji. Sanduku lilikuwa la kutupwa. Nyakerario aliliomba, akakodi chumba kilichokuwa stoo ya kinu cha unga, akapaka ukuta chokaa, na kila Jumapili baada ya misa ya Wakatoliki akafungua mlango.

Nimeingia majumba ya sayansi katika miji mikubwa, ambamo mtoto hubonyeza kitufe na taa ikawaka, naye akakimbilia kitufe kingine. Katika chumba cha Nyakerario hapakuwa na kitufe. Palikuwa na jicho la ng'ombe kutoka buchani, na wembe, na mtu yeyote aliyetaka kujua jinsi anavyoona alipewa wembe alipasue mwenyewe. Palikuwa na yai lililolala ndani ya siki mpaka ganda likaisha na likawa laini kama puto. Wenye bodaboda walikuja kujifunza kwa nini breki hushindwa kwenye mvua. Vikongwe walikuja kutazama chawa kwa hadubini na kutoka wakijikuna.

Rafiki yake mkubwa chumbani humo alikuwa Phelesia, muuza samaki wakavu ambaye kibanda chake kilipakana na cha ndizi. Phelesia alikuwa Mjaluo na Mkatoliki, mwenye mwili mkubwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kujifunga kichupa kiunoni, wakati wanawake wengine walipokuwa bado wanaogopa kwamba ni dawa ya kuzuia mimba.

"Mimi nimezaa sita," aliwaambia. "Hata ikizuia, imechelewa."

Mumewe, Zadock, alikuwa fundi wa mawe, mtu wa maneno machache, na kisima cha nyumbani kwao alikichimba kwa mikono yake. Ni yeye pia aliyemtengenezea Nyakerario kile kifaa ambacho watu walikipenda kuliko vyote: sanduku refu la mbao lenye ubavu wa kioo, lililojazwa mchanga na kuinamishwa kidogo. Juu kulikuwa na shimo dogo, hicho ni choo. Chini kulikuwa na shimo jingine, hicho ni kisima. Unamwaga wino mwekundu chooni, unanyunyiza maji kama mvua, na watu wote wanaangalia kupitia kioo jinsi wekundu unavyotambaa ndani ya mchanga, polepole, mpaka unaingia kisimani. Kila mara ulipofika, chumba kizima kiliguna. Zadock alikuwa akisimama nyuma, mikono kifuani, kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga.

Chumba kilikuwa na sheria moja. Vichupa vilijazwa Ijumaa saa sita mchana na kusomwa Jumapili, wote pamoja, mezani. Hakuna kuchungulia kabla. Nyakerario aliiweka sheria hiyo kwa sababu mbili. Mwanzoni wanawake walifungua leso kila saa kutazama, na kichupa kikapoa. Sababu ya pili ilikuwa ya kwake mwenyewe: yeye ni Msabato, na kuanzia jua la Ijumaa linapozama mpaka la Jumamosi linapozama hafanyi kazi. Kwa mpango huo chupa ilifanya kazi naye akapumzika.

"Chupa haina dini," Phelesia alikuwa akimtania. "Hiyo inafanya kazi Sabato, na wewe unaibeba. Utajibu nini huko juu?"

"Nitasema ni wewe umenipea."

Mwaka juzi, msimu wa mvua ndefu, mama mkwe wa Phelesia alifariki. Mazishi yalipangwa Jumamosi. Wageni kutoka Nairobi, Kisumu na Ndhiwa walianza kufika Alhamisi, na kama ilivyo desturi ya matanga makubwa, kilichimbwa choo cha wageni. Boma la Zadock liko kwenye mteremko. Chini kulikuwa na mahema na spika. Upande wa kushoto wa nyumba ya marehemu ulikuwa wa kaburi, kwa sababu mama huzikwa huko na si kwingine. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wameshapanga mafiga. Mahali palipobaki wazi palikuwa juu, karibu na mti wa mpera. Hatua kumi na nane chini ya mpera huo kuna kisima.

Zadock ndiye aliyewaonyesha wachimbaji mahali. Alijua. Lakini choo kilikuwa cha siku tatu tu, na wageni walikuwa wameshaanza kuuliza.

Ijumaa asubuhi mvua ilinyesha kwa saa tatu. Nyakerario alikuja kuleta mikungu ya ndizi, akaona choo, akaona kisima, akaona maji yanavyoteremka katikati. Alimvuta Phelesia kando.

"Mama Valary, ile choo imekaa vibaya."

Valary ni kifungua mimba wa Phelesia.

"Najua. Nimemwambia baba yao, akaniangalia hivi." Phelesia alitoa macho. "Sasa nitafanya nini? Nimwambie marehemu angoje?"

"Nipee maji kidogo nipime."

"Pima. Lakini uatamie wewe. Mimi kiuno yangu leo imejaa shida."

Nyakerario alichota maji, akajaza kichupa saa sita kamili, akajifunga. Angeweza kumwaga dawa ya kusafisha maji kisimani papo hapo. Kopo lilikuwa kwenye rafu ya chumba chake, mwendo wa dakika kumi. Aliniambia kwamba wazo hilo lilimjia, akaliondoa, kwa kuwa hakuwa na uhakika, na kumwaga dawa katika kisima cha nyumba yenye msiba mbele ya wageni ni kusema kwa sauti kwamba mwenye nyumba anawanywesha uchafu. Yeye ni Mkisii kati ya Wajaluo. Ameishi miaka arobaini mjini humo akichunga asiseme jambo kama hilo.

Jumamosi alioga, na alipofungua leso avae nguo ya kanisani, akaona. Hazikuwa zimepita hata saa ishirini. Maji ya kichupa yalikuwa meusi tii, na kizibo kilinuka yai bovu. Katika miaka yake yote ya vichupa hajawahi kuona kilichogeuka haraka namna hiyo. Maana yake aliijua. Ilikuwa saa moja asubuhi.

Nilimuuliza alifanya nini. Alianza kumenya ngozi ya kidole gumba.

"Nilikiweka kwa dirisha," alisema. "Nikajiambia, leo si siku ya kusoma. Sheria ni Jumapili. Pengine nilikiosha vibaya. Pengine ni joto la tumbo langu. Nikachukua Biblia nikaenda."

"Hukukumbuka—"

"Usinikumbushe mstari. Ng'ombe akianguka kisimani siku ya Sabato, unamtoa. Hiyo nimefundisha watoto kanisani miaka na miaka. Lakini mimi sikuona ng'ombe. Niliona chupa."

Alikaa kanisani mpaka alasiri. Aliimba. Mlo wa mchana wa ushirika aliula, na anakumbuka kwamba ulikuwa wa maharage. Kutoka kanisani mpaka boma la Zadock si mbali, na upepo ulipogeuka aliweza kusikia spika za matanga, mtu akitoa shukrani kwa wapishi. Jua lilipoanza kuzama alikuwa tayari amesimama mlangoni pa kanisa. Lilipozama alikwenda, karibu anakimbia.

Jeneza lilikuwa limeshafukiwa. Watu walikuwa wamekula. Kwenye meza ndefu kulikuwa na ndoo nne za juisi ya unga wa pakiti iliyokorogwa kwa maji ya kisima, tatu zikiwa tupu. Phelesia alimwona kutoka mbali, akamjia na kikombe, jasho likimtiririka, sauti imekauka kwa kulia na kutoa amri.

"Min Machuki! Sasa ndio unakuja? Watu wa Sabato, nyinyi mnakuja kuzika au kuosha vyombo? Shika, unywe."

"Mama Valary, ile maji imegeuka."

"Imegeuka nini?"

"Nyeusi. Chupa yenu."

Phelesia alimtazama, halafu akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka kabisa. "Leo ni Jumapili? Si wewe ulisema chupa haisomwi kabla ya Jumapili? Mwalimu, usivunje sheria yako kwa mazishi ya mama yangu. Kunywa. Tutasoma kesho."

Alikuwa amesimama pale na kikombe kimenyooshwa, na wageni wakitazama. Nyakerario alikipokea. Akanywa chote.

Jumapili hakuna aliyesoma kitu. Kufikia mchana watu kumi na mmoja walikuwa wanaharisha, kufikia Jumatatu zaidi ya arobaini, na waliorudi Ndhiwa na Kisumu walipiga simu wakiuliza kama huko kuna ugonjwa. Nyakerario mwenyewe alilala kitandani siku nne, akinywa maji ya chumvi na sukari aliyojichanganyia kwa kipimo alichokuwa akiwafundisha wengine. Wawili hawakupona. Mmoja alikuwa mzee aliyetoka Ndhiwa. Mwingine alikuwa Phelesia. Alikuwa amekaa siku tatu akipika bila kulala, na ugonjwa ulipomshika alidhani ni uchovu, akawahudumia wengine kwanza. Alipofikishwa kwenye kituo cha afya Jumanne asubuhi, mshipa wa kuingizia maji haukuonekana tena.

Watu wa afya walikuja, wakafunika kisima, wakafukia choo. Waliposikia habari za kichupa wakataka kukiona. Afisa mmoja alikiinua juu akawaambia watu waliokusanyika kwamba mama huyu alijua kabla ya maabara yoyote, na kwamba kila kijiji kingekuwa na mtu kama yeye, vifo vingepungua. Watu wakapiga makofi. Alimuuliza aligundua lini.

"Jumamosi," alijibu.

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza saa. Watu wote walijua kwamba aliingia bomani jua limezama, akaonya, akapuuzwa, na hata akanywa pamoja nao. Katika siku zile za msiba sifa yake ilienea mpaka Takawiri, ambako wanawake wa visiwani waliagiza vichupa. Chumba kilijaa kuliko wakati wowote. Sanduku la wino mwekundu halikutosha. Watu walipanga foleni nje.

Zadock hakuja tena kulitazama. Alikonda. Mbele ya watu alisema neno moja tu kuhusu jambo lile, kwamba mwalimu aliwaambia na wao hawakusikia. Alilisema kwenye mazishi ya mkewe, akiwa amesimama kando ya kaburi, na Nyakerario alikuwa ameketi mstari wa pili.

Neno hilo ndilo lililomshinda. Angeweza kuishi na lawama, aliniambia, lakini mtu yule alikuwa anabeba mzigo wote peke yake, wa choo na wa onyo lililopuuzwa, na sehemu ya mzigo huo ilikuwa ya mwingine. Kila alipopita sokoni Zadock alimwamkia kwa heshima: "Shikamoo, mwalimu." Miezi saba alipokea salamu hiyo.

Ulipoingia mwezi wa nane tangu msiba alimfuata kazini. Zadock alikuwa anachonga mawe ya msingi kando ya barabara ya Homa Bay, peke yake, amefunga kitambaa kichwani. Alipomwona akasimama, akampangusia jiwe la kukalia.

"Karibu, mwalimu. Kuna nini?"

"Baba Valary, nimekuja kusema kitu. Unisikie mpaka mwisho."

"Sema."

"Chupa haikugeuka jioni. Iligeuka asubuhi."

Zadock hakuelewa. "Asubuhi ya Jumapili?"

"Ya Jumamosi. Siku ya kuzika. Nilifungua leso, nikaona."

"Saa ngapi?"

"Saa moja."

Zadock alikaa chini polepole. Lori lilipita, likawafunika kwa vumbi, na hakuna aliyejipangusa.

"Saa moja," alisema, "hata chai ilikuwa haijapikwa."

"Ndiyo."

"Kabla ya juisi."

"Kabla ya kila kitu."

"Na ulikuwa wapi?"

"Kanisani."

Zadock alitazama nyundo mkononi mwake kwa muda, akaiweka juu ya jiwe kwa uangalifu, kama inaweza kuvunjika. "Mimi nilionyesha watu mahali pa kuchimba," alisema. "Kila siku tangu hapo nasema, Zadock, wewe ndio umemuua mama ya watoto wako. Wewe ulitengeneza lile sanduku, ulijua. Na wewe mwalimu, kila siku ulikuwa unanisikia nikikusalimia."

"Ndiyo."

"Miezi saba."

"Saba, na siku."

Nyakerario alidhani atamtukana. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Zadock alimwinua kwa kumshika kiwiko, kama mtu anavyomsaidia mkongwe, akamgeuza kuelekea barabarani.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema. "Sasa enda, mama."

Alimwita mama, si mwalimu.

Zadock hakumtangaza. Lakini alimweleza Valary, na Valary alimweleza shangazi yake, na katika mji wa ukubwa wa Rangwe hilo linatosha. Hakuna aliyekuja kugomba. Mwanamke mmoja alirudisha kichupa chake kikiwa hakijajazwa, akasema siku hizi mgongo unamuuma. Mwingine akasema wamepata maji ya bomba. Jumapili moja walikuja saba, iliyofuata watatu. Siku nilipokuwapo alikuja mtu wa bodaboda aliyetaka kujikinga na mvua, akatazama bawa la nzi kwa hadubini kwa adabu, kisha mvua ikakatika.

Sheria ameifuta. Sasa anasoma kichupa saa yoyote kinapogeuka, Sabato au siku ya soko, na kwa sababu hiyo mzee wa kanisa lao, Ombui, amemwondoa katika ushemasi. Alilieleza hilo bila uchungu, kama anayetaja bei ya ndizi. Nilimuuliza kama anajuta kumwambia Zadock. Wasafiri huuliza maswali ya namna hiyo kwa sababu kesho hawatakuwapo.

"Kabla sijamwambia nilikuwa nalala vibaya," alisema. "Sasa pia nalala vibaya. Lakini yeye, nimesikia ameanza kula."

Wiki mbili kabla ya mimi kufika, ukoo ulifanya kumbukumbu ya Phelesia. Nyakerario hakutarajia kualikwa. Siku tatu kabla, Valary alikuja kibandani, akanunua mikungu miwili, akalipa, akasimama.

"Baba amesema uje," alimwambia akitazama pembeni. "Lakini usiseme kitu. Usipime kitu. Ukae tu na wamama."

Alikwenda. Waliweka kiti chake nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, kando ya beseni. Maji ya kunywa yaliletwa kwa lori, katika matangi ya plastiki, na alipopewa kikombe alinywa bila kukitazama. Zadock alipita mara mbili akibeba viti. Mara ya pili aliinamisha kichwa kidogo kumwelekea, au pengine alikuwa anakwepa moshi. Nyakerario alimenya ndizi mpaka saa nane, mikono ikiwa myeusi kwa utomvu, kisha akaaga wanawake waliokuwa karibu naye, nao wakamwitikia.